Mwongozo kamili: Kuanza kazi ya kuratibu wanaojitolea wa tiba shufaa, Mtwara na Lindi

Bibi alikuwa ameoga. Mjukuu wake alimvika kanga safi, akamtandikia mkeka barazani, akamwegemeza kwenye mto ili aione njia itokayo barabarani. Ilikuwa Alhamisi, na wiki iliyotangulia dada mmoja wa kujitolea alimwambia, "Bibi, Alhamisi nitakuja tena." Dada yule hakuja. Mtoto wake alishikwa na homa usiku, simu yake haikuwa na salio, na katika daftari langu sikuwa nimeandika nani aende akikosekana yeye. Nilipopita na muuguzi kesho yake, mjukuu aliniambia bibi alikataa kuingizwa ndani mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na kukaa kitako saa zile zote kulimuumiza sana. Alikuwa anamngoja mgeni wake.

Nilikuwa na mwezi mmoja na nusu katika kazi ya kuratibu wanaojitolea wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito. Naanza na habari hii kwa sababu karibu kila ninachokueleza hapa nilijifunza kutokana na baraza lile. Mratibu yupo ili mgonjwa aliyeambiwa Alhamisi apate mtu Alhamisi. Mafunzo, fomu, vikao na ripoti vinakuja nyuma ya hilo.

Wiki mbili za kwanza: usitafute mtu mpya

Ukiingia ofisini utapewa orodha ya majina, na mkubwa wako atakuambia uwaongeze. Subiri. Mpigie simu kila aliyemo kwenye orodha, mmoja mmoja, umuulize: bado upo nasi? Mara ya mwisho ulikwenda kwa nani? Nini kilikufanya usiende tena? Swali la mwisho ndilo litakalokufundisha kazi. Orodha niliyorithi ilikuwa na majina 31, na waliokuwa wanatembelea wagonjwa kweli walikuwa 9. Wawili walikuwa wamefariki na hakuna aliyewafuta. Mama mmoja aliniambia aliacha kwa sababu mgonjwa wake alifariki na ofisi haikumjulisha. Alifika na ndizi zake kwenye kikapu, akakuta watu wamekaa matanga. Alirudi nazo nyumbani na hakutoka tena.

Wakati huohuo, panda pikipiki nyuma ya muuguzi uende naye kwa wagonjwa. Usiende kukagua. Kaa, salimia, tazama nani anamuuguza mgonjwa, maji yanatoka wapi, choo kiko umbali gani, mgonjwa amelala juu ya nini. Kaunta buku moja inatosha: jina la kijiji, anayemuuguza ni nani, na kitu kimoja ambacho kikipatikana kitaipunguzia nyumba hiyo mzigo. Utashangaa mara ngapi kitu hicho ni saa mbili za usingizi kwa yule anayeuguza.

Hakikisha pia unaweza kueleza tiba shufaa ni nini kwa maneno yako mwenyewe, maana utaulizwa kila mahali, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji hadi kwenye bajaji. Wengi wanaamini ni huduma ya mtu aliyeshindikana. Mimi husema hivi: ni kumwondolea mgonjwa mateso, tangu siku anapoambiwa ana ugonjwa mzito, awe bado anatibiwa au matibabu yameishia. Dk. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (makao ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufariki) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na ukitibu la kwanza ukaacha mengine mgonjwa ataendelea kulia. Huku kwetu Afrika Mashariki, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ya kunywa, ambayo mgonjwa anaweza kupewa nyumbani kwake. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, hospitali ya Muheza huko Tanga na ile ya Selian ya Arusha ni majina utakayoyasikia mara kwa mara.

Kwa kusini, jua hospitali zako na nani wa kumpigia katika kila moja: Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa Mtwara mjini, Sokoine kwa Lindi, Ndanda kwa upande wa Masasi, Nyangao kwa upande wa Mtama. Mgonjwa anayetoka Ocean Road amesafiri mamia ya kilomita kurudi nyumbani, mara nyingi akiwa na bahasha ya karatasi ambazo hakuna aliyemsomea. Omba uwe unaarifiwa anaporudi. Siku zile za kwanza baada ya kurudi ndizo anazojiona ametupwa.

Andika mipaka kwenye karatasi moja

Kabla hujamwita mtu yeyote, kaa na muuguzi kiongozi mkubaliane mtu wa kujitolea anafanya nini na hafanyi nini. Ikizidi ukurasa mmoja hakuna atakayeisoma.

Anayofanya: anakaa na mgonjwa, anazungumza au ananyamaza naye, anafua, anachota maji (ukifika Newala juu utaelewa ndoo moja ya maji ina thamani gani), anasaidia kumgeuza na kumsafisha kinywa, anasoma Kurani au Biblia akiombwa, anamshika mtoto mdogo, anamwachia muuguzaji nafasi ya kwenda shamba, sokoni au kulala. Na anatoa taarifa.

Asiyofanya yanahitaji maneno makali zaidi. Hampimii wala hambadilishii mgonjwa dawa. Hafungui kidonda. Hatabiri siku. Hakopeshi, hakopi, hapokei kitu cha thamani. Hashuhudii wosia wala hatunzi hati ya shamba la mikorosho, hata akibembelezwa na mgonjwa mwenyewe. Hili la mwisho niliongeza baada ya kijana wetu mmoja kujikuta katikati ya ndugu wanaogombea mikorosho, kisa alikuwepo chumbani mzee alipotamka jambo. Mtu akiombwa hivyo, jibu ni moja: "Mzee, hilo nitamwambia mratibu akuitie afisa ustawi wa jamii." Kisha anakupigia wewe siku hiyohiyo.

Kuhusu mofini, wafundishe kutosha ili wasieneze hofu. Watu husema ukianzishwa mofini ndiyo unaagwa, na wapo wanaouguza wanaoficha chupa kwa kumwonea mgonjwa huruma. Mtu wa kujitolea haipimi dawa, ila akiona chupa imejaa vilevile kama Jumatatu iliyopita, hiyo ni taarifa ya kumpigia muuguzi simu. Vivyo hivyo mgonjwa asipopata choo siku tatu, kwa sababu mofini hufunga choo na kuna dawa ya kulainisha inayopaswa kwenda nayo. Na wafundishe kipimo cha vidole: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa asiye na nguvu za kusema bado ataweza kunyoosha vidole.

Piga hodi panapostahili

Barua ya utambulisho ianzie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ishuke kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, kisha mwenyekiti. Peleka mwenyewe, usitume. Kaa kidogo. Waone wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho mapema kabisa, kwa sababu wakisikia habari zenu kwa watu watadhani mmekuja kuwanyang'anya kazi, na wao ndio wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa aliyefichwa chumba cha nyuma. Imamu, padri na mchungaji uwaone pia, kila mmoja kwake.

Halafu kuna mjomba. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu zamani, na ingawa mambo yamebadilika, nyumba nyingi bado mjomba ana neno katika mambo mazito. Nimewahi kukubaliana kila kitu na mume wa mgonjwa, tukapanga siku, na siku ya kwanza tukakuta mlango umefungwa. Mume hakuwa na kosa. Hatukumuuliza kaka wa mgonjwa. Siku hizi, nikimaliza mazungumzo na wenye nyumba, huuliza: "Nani mwingine anapaswa kulijua jambo hili kabla hatujaanza?" Kisha nanyamaza mpaka nijibiwe.

Sasa tafuta watu

Anza na wachache. Wanane wanaotimiza ahadi watakutosha kuliko arobaini wa kwenye karatasi. Watu wangu bora wamekuwa wale waliowahi kuuguza mtu wao mpaka mwisho, kwa kuwa hawashtuki na harufu ya kidonda wala ukimya. Lakini aliyefiwa juzi mwambie asubiri, mwaka mmoja hivi, aje akiwa amelia vya kutosha. Tafuta wanaume pia. Mzee wa Kiislamu hatapenda kugeuzwa na binti asiye wake, na usipokuwa na wanaume utaishia kumnyima huduma.

Zungumza na kila mmoja peke yake, nyumbani kwake ikiwezekana. Mimi huuliza ni nani aliyemuuguza na siku ngumu ilikuwa ipi. Akiwa na jambo zito nyumbani atamwambia nani. Na ni siku gani ya wiki, saa ngapi, anaweza kutoka bila kuiumiza familia yake. Anayejibu "siku yoyote tu" namrudishia swali. Siku yoyote maana yake hakuna siku.

Suala la posho litakuja, na usimdharau anayeliuliza. Watu wana watoto wa kulisha. Sema wazi palepale kuna nini na hakuna nini: nauli ya bodaboda itarudishwa au haitarudishwa, salio la simu ni kiasi gani, chai siku ya mafunzo. Neno "tutaangalia" limewafukuza watu wengi kuliko neno "hakuna". Kijana anayetafuta ajira mwahidi barua ya utumishi baada ya miezi sita, na uiandike kweli siku hiyo ikifika.

Kila mmoja alete wadhamini wawili wanaomfahamu, mmoja kiongozi wa mtaa au kijiji na mmoja wa dini au kazini. Watembelee wadhamini hao, usipige simu tu. Unampeleka mtu kwenye chumba cha mtu asiyeweza kuinuka.

Mafunzo: siku chache, mikono mingi

Siku tatu zinatosha kuanzia, mradi nusu ya muda wasiwe wamekaa. Muuguzi afundishe kunawa mikono, glovu, kumgeuza mgonjwa, usafi wa kinywa kwa maji yenye chumvi kidogo na kitambaa laini, na tahadhari za kifua kikuu: madirisha wazi, barakoa.

Zoezi moja usiliache. Mlaze mmoja wao mkekani, mwambie asijisogeze kabisa kwa saa nzima. Nzi akitua, avumilie. Akiwashwa, aombe. Wengine waendelee na mafunzo kandokando yake, wamgeuze mara moja tu. Saa ikiisha mwulize kaumia wapi. Atakuonyesha kisigino, nyonga, mabega na kitokono, mahali palepale ambapo vidonda vya kulala huanzia. Baada ya hapo huhitaji kumweleza mtu kwa nini mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Katika mafunzo yangu ya pili aliyelala alikuwa fundi cherehani, mtu wa mzaha mwingi. Alipoinuka alikaa kimya, kisha akasema, "Mama yangu alilala miezi minne." Hakuna aliyeongeza neno. Ndiye mtu wangu wa kumtegemea mpaka leo.

Halafu maneno. Wafundishe yale ya kuacha: "utapona tu", "ungewahi hospitali", "mshukuru Mungu wapo walio na hali mbaya zaidi". Yanasemwa kwa nia njema, nayo humfunga mgonjwa mdomo. Waigize wawili wawili. Mgonjwa anauliza, "Mwanangu, hivi mimi nitapona?" Wengi watakimbilia ndiyo. Wazoeshe kusogea karibu na kusema, "Wewe mwenyewe unajionaje, bibi?" na kisha kungoja. Kungoja huku ndiko kugumu. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Mara nyingi bibi anajua, na alichohitaji ni mtu asiyemkatiza. Akiuliza mambo ya kitabibu, jibu ni, "Hilo nitamwomba muuguzi aje akueleze," na muuguzi aje kweli.

Malizia na siri. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake na picha yake havitoki nje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kijijini adhabu huja kabla ya sheria: mgonjwa wa virusi vya UKIMWI akisikia habari zake kisimani, hamtaingia tena nyumba ile wala za jirani. Kwenye kundi la WhatsApp tumieni namba ya daftari badala ya jina. Picha marufuku, hata ya mkono ulioshikwa, hata kwa nia ya kuonyesha wafadhili.

Kumpata mtu wa kufaa kwa kila mgonjwa

Lugha kwanza. Mgonjwa aliyezungumza Kiswahili maisha yake yote sokoni anaweza, akizidiwa, kubaki na Kimakonde au Kimwera tu. Mtu anayeelewa neno la utotoni la "kiu" ana thamani ambayo hakuna mafunzo yanayoileta. Kisha umbali: kama hawezi kufika kwa miguu au baiskeli siku ambayo hakuna nauli, usimpange. Kisha jinsia. Dini huwa haisumbui kama tunavyodhani. Nimeona mama wa Kikatoliki akimshikia msahafu mzee aliyetaka kusoma. Ila muulize mgonjwa.

Usimpeleke jirani wa karibu wala ndugu bila ruhusa ya wazi ya mgonjwa. Wengine wanataka mtu wa mbali ili waseme wasiyoweza kuyasema ukoo ukisikia.

Ziara ya kwanza aende na muuguzi, ya pili na mwenzake mzoefu. Na katika ziara hizo ahadi iwe ndogo: siku moja ya wiki, saa moja. Wapya huahidi mengi kwa sababu wameguswa. Mama mmoja alitoka ziara yake ya kwanza akiwa ameahidi kuja kila siku, kuleta uji wa lishe na kumtafutia mjukuu ada ya shule. Tulirudi pamoja kesho yake tukaomba radhi, tukabaki na Jumatano. Alitimiza Jumatano hizo zote, kumi na saba, mpaka mgonjwa akafariki.

Kalenda ya kusini

Usipange mwaka wako kwa karatasi ya ukutani. Kuanzia Oktoba watu wapo kwenye korosho: kuokota, kukausha, kupeleka chama cha msingi, kungoja mnada. Watu wako nusu watapotea, na wagonjwa watabaki nyumbani peke yao mchana kutwa kwa sababu hata anayeuguza ameenda kuokota. Yaani uhitaji hupanda wakati watu wa kusaidia wakipungua. Mwezi Agosti kaa na kila mmoja muulize atakuwa wapi msimu ukianza, na wategemee zaidi wa mjini, walimu wastaafu, mafundi, wenye maduka. (Siku ya tiba shufaa duniani huwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, yaani msimu ukiwa umeshaanza. Kwetu tumeacha maandamano. Tunaomba dakika tano msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, tunafikisha ujumbe kwa watu wengi zaidi.)

Mvua zikianza Desemba hadi Aprili, weka alama kwenye kila nyumba isiyofikika pikipiki ikikwama, na mtafutie mgonjwa huyo mtu wa upande wake wa mto. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mwambie mfamasia wako mapema asingoje dawa za maumivu ziishe ndipo aagize. Wewe huagizi dawa, ila ndiye unayejua ni wagonjwa wangapi wanaongezeka.

Ramadhani, ziara zihamie asubuhi. Likizo za jando na unyago, uliza mapema. Mama mwenye mwali hana nafasi nyingine kichwani.

Kwa kila ziara andika majina mawili: anayekwenda na mbadala wake. Sheria yetu ni kwamba asiyeweza kufika anapiga au ku-bip kabla ya saa mbili asubuhi, haulizwi sababu, na mbadala anaondoka. Kama mbadala naye hayupo, naenda mimi. Kama nami siwezi, nampigia mgonjwa au anayemuuguza, namwambia leo hatufiki na tutafika lini. Simu hiyo ya dakika moja ndiyo niliyomnyima yule bibi wa barazani.

Simu ya jioni

Baada ya kila ziara ya mtu mpya, mpigie wewe, usingoje yeye. Uliza: ulimkuta akiwa katika hali gani, vidole vingapi? Anayemuuguza anaendeleaje? Kuna kitu kilichokutia wasiwasi? Na wewe umerudije? Hili la mwisho wataliruka kwa kusema "salama". Rudia. Muuguzi apewe yanayomhusu usiku uleule: maumivu ya vidole vinne au vitano, kutapika kusikokoma, damu, kuchanganyikiwa ghafla, mgonjwa asiyeweza tena kuinuka wakati juzi aliinuka, harufu ya kidonda iliyozidi. Harufu ina dawa yake. Watu wanaivumilia kimyakimya kwa aibu wakati muuguzi angeweza kuipunguza.

Na simu yako nayo iwe na saa zake. Panga zamu na muuguzi ya nani anapokea usiku. Mwezi wa tatu nilikuwa nalala na simu kifuani, nikawa nawakaripia watu ambao kosa lao lilikuwa kunisalimia.

Mgonjwa anapokaribia kufariki

Waeleze watu wako mapema watakachokiona: mgonjwa analala zaidi, anakataa chakula, mikono na miguu inapoa, pumzi zinakuja na kukatika, koo linakoroma. Wasipoambiwa watatishika, na hofu yao itaingia kwa familia. Jambo linaloleta ugomvi mkubwa ni chakula. Ndugu atataka kumlisha kwa nguvu akiamini njaa ndiyo inayomuua. Mtu wetu habishani. Anachukua kitambaa chenye maji, analowesha midomo ya mgonjwa, anampa ndugu kitambaa kile: "Hebu mfanyie hivi, anakusikia." Mikono ya ndugu imepata kazi, na mgonjwa hapaliwi.

Sakarati inapoanza, nyumba ni ya familia. Waislamu watataka mtu wa kumtamkishia shahada na kusoma Yasini. Wakatoliki watamwita padri kwa mpako wa wagonjwa. Tuwe na namba za simu za wote hao kabla. Mtu wa kujitolea anasogea pembeni, anachemsha maji, anawatazama watoto.

Akifariki, wewe mratibu unampigia mtu wako kabla hajasikia kwa wengine. Hili ni lazima. Kumbuka mama wa ndizi. Aende mazikoni kama anataka, mpe nauli. Kisha asipewe mgonjwa mpya kwa wiki kadhaa, hata akisema yuko sawa. Sisi hukutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi, chai na mihogo ya kuchemsha, tunataja kwa majina waliofariki mwezi huo, na aliyekuwa akimtembelea anasimulia kitu kimoja tu juu yake. Mzee aliyependa kusikiliza mpira redioni. Mama aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo. Ndipo watu hulia, na ni vizuri walie hapo.

Anayeuguza naye usimwache siku ya mazishi. Tuma mtu baada ya arobaini, mikono mitupu, akae tu barazani naye. Amekuwa akiamka usiku kwa miezi, sasa anaamka na hakuna wa kumgeuza.

Mtu wako anayeanza kuchelewa, anayependa mno kumzungumzia mgonjwa mmoja, anayekwenda siku zisizo zake, au anayetania yasiyotaniwa, mwite mapema mzungumze. Mara nyingi amechoka na hajui kama anaruhusiwa kupumzika. Mpe mwezi, na tarehe ya kurudi.

Hesabu na ripoti

Kuhusu pesa, maelezo ni mafupi: kila nauli isainiwe siku ileile, daftari liwe wazi kwa yeyote wa kikundi, na usikae na fedha za nauli nyumbani kwako.

Ripoti ndiyo itakayokusumbua. Fomu nyingi zinauliza idadi ya wanaojitolea waliosajiliwa na idadi ya ziara. Zijaze. Lakini kwenye daftari lako chora safu mbili kwa kila mgonjwa, "tuliahidi" na "tulifika", uzijumlishe mwisho wa mwezi na kuziambatisha. Mwezi wa kwanza nilipofanya hivyo zilisoma 22 na 13. Mkubwa wangu alizitazama, akaniuliza kama nina hakika nataka zipelekwe hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akazisaini, kisha akauliza zile tisa zilikuwa za vijiji gani.